Unguja na Pemba kwa ndege: maswali yenu wiki hii

*Assalaam alaikum. Kutoka Unguja hadi Pemba kwa ndege ni masafa gani? Mtandao mmoja umeandika 67, mwengine 78, mwengine 125. Nimwamini nani? (Msomaji, Mwanakwerekwe)*

Waalaikum salaam. Waamini wote. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume pale Kiembesamaki hadi uwanja wa Pemba, karibu na Chake, ni kiasi cha kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Hiyo 78 ni maili za barabarani, na 67 ni maili za baharini wanazotumia marubani na manahodha; kila moja ni kilomita 1.852. Tatizo ni mitandao inayotaja namba bila kipimo.

*Nilitafuta tiketi ya Pemba nikaletewa safari ya saa chungu nzima, tena ya kubadilisha ndege nchi nyengine. Kulikoni? (Bi Mkubwa, Kiponda)*

Bibi yangu, ulikuwa unapelekwa Msumbiji! Kule kuna mji unaoitwa Pemba, mkoa wa Cabo Delgado, zaidi ya kilomita 750 kusini yetu. Kabla ya kulipa mwambie kijana anayekukatia tiketi atazame herufi tatu za uwanja: wetu ni PMA, wa Msumbiji ni POL.

*Kwa nini kwenda ilichukua dakika chache kuliko kurudi? Ndege ni ile ile. (Msomaji, Wete)*

Kama ulitoka Wete kuja Unguja, bila shaka ulisafiri wakati wa kaskazi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan huenda kiasi cha kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hewani ni kama dakika 25. Sasa tia upepo wa kilomita 30 kwa saa. Ukiwa mgongoni, ndege inapita juu ya ardhi kwa 330, na safari inakuwa dakika 23. Ukiwa usoni, inabaki 270, na unafika dakika 28. Pemba iko kaskazini-mashariki ya Unguja, basi kusi, upepo wa kutoka kusini, humsukuma anayekwenda Pemba na kumzuia anayekwenda Unguja. Kaskazi ikishika, Disemba hadi Februari, mambo hugeuka, kama yalivyokuwa kwako. Wazee wa majahazi hawangeuliza swali hili. Ratiba huandika nusu saa au zaidi kwa sababu huhesabu pia kukimbia uwanjani, kupanda na kushuka.

*Boti au ndege? (Msomaji, Mkoani)*

Wewe wa Mkoani, bandari iko mlangoni kwako, panda boti. Kwa ndege utakwenda kwanza hadi Chake, kama kilomita 30, usubiri uwanjani, uruke, kisha utafute gari kutoka Kiembesamaki kwenda mjini. Boti inakushusha Malindi, mjini penyewe. Anayetoka Chake na ana haraka, au bahari humchafua roho, alipe nauli ya ndege. Mimi kusi ikichacha sina ubishi: napanda ndege.

*Pemba na Tanga je?* (Hakutaja anakokaa.)

Karibu zaidi kuliko Unguja: kama kilomita 84 baina ya viwanja viwili, unakata mkondo wa Pemba kuelekea magharibi. Ndege zake si nyingi, uliza siku kabla hujafunga safari.

*Naweza kubeba halua ya Wete? (Msomaji, Fuoni)*

Beba, lakini ndege hizi mara nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, na begi liwe laini. Makanda matatu ya halua, na nguo zako zinabaki Wete.