Maswali ya Wasomaji: Hivi Vita ya Kagera ilikuwa vita kamili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi dereva bodaboda hapa Buguruni. Juzi kijiweni tumebishana mpaka abiria wakatupita, mwenzangu anasema Vita ya Kagera ilikuwa vita kamili maana nchi nzima iliingia, mimi nikasema vita kamili ni zile za dunia tu, wanakokufa watu mamilioni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja ameshika kipande, ila wewe umeteleza kwenye hesabu ya maiti. Idadi ya waliokufa haikuambii ni vita ya aina gani. Uliza mambo mawili: wanaopigana wanataka nini, na wako tayari kutoa nini ili wakipate.

Vita yenye kikomo unapigana huku unajua utaishia wapi, na silaha nyingine unaziacha stoo hata kama unazo. Korea, 1950 mpaka 1953, Marekani walikuwa na bomu la atomiki na hawakulitumia, na jenerali wao MacArthur alipong'ang'ania vita ipelekwe mpaka China, Rais Truman akamwondoa, Aprili 1951. Na pale walikufa watu mamilioni! Sasa mama wa Kikorea ambaye mji wake umelala chini wote, kwake kikomo kiko wapi? Hapo ndipo wengi wanapopita haraka, vita moja inaweza kuwa na kikomo kwa huyu na ikawa kamili kwa yule.

Vita kamili nchi nzima inageuka kambi. Uingereza kwenye vita ya 1939-1945 chakula kilikuwa cha mgao kwa kadi, na mgao wenyewe haukuisha mpaka 1954, wanawake wakaingia viwandani kutengeneza silaha, na kwa kuwa anayetengeneza bunduki naye amehesabiwa adui basi mabomu yakaangushwa mijini kwa raia. Mazungumzo hakuna. Januari 1943 kule Casablanca, Morocco, Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza walisema adui asalimu amri bila masharti.

Kagera sasa. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Mwanzoni sisi tulitaka kumtoa tu, baadaye lengo likakua mpaka Kampala, ikaanguka 11 Aprili 1979, lakini hatukuchukua hata shamba moja la Uganda. Kwa lengo, hiyo ina kikomo. Ila mwenzako naye ana hoja, mgambo waliitwa, malori na mabasi ya watu yakachukuliwa, halafu Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda miezi 18, na mimi niliyepanga foleni ya sukari na sabuni nakwambia ile miezi 18 ilivuka ikawa miaka.

Lakini kama mnataka vita kamili iliyopita hapa hapa kwetu, rudini 1914-1918. Wazungu, Mjerumani na Mwingereza, waligombana kwao, wakaja kumalizia kwetu, na hakuna aliyetuuliza. Vijana walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo mamia ya maili, maana ndorobo waliwaua farasi na punda, na wengi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko risasi. Huko Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalizoa nafaka na ng'ombe, mvua nayo ikagoma, ikaja njaa ambayo Wagogo mpaka leo wanaiita Mtunya. Na hao wapagazi wa Mwingereza waliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa pale tunaponunua nyanya na vitenge kila siku, ndiyo ikazaa jina la Kariakoo.

Siku ukifika Posta, simama kwenye sanamu ya Askari usome maandishi yake ya Kiswahili. Wapagazi wametajwa pale, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.