Jibu: Ripoti ya mafunzo kwa vitendo Kigoma/Ujiji iliyorudishwa mara mbili

Habari ndugu. Umeandika kwamba msimamizi wako anairudisha ripoti akisema "sheria siyo yenyewe", ilhali umenukuu Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 kwa uangalifu.

Anza kwa kuangalia ulikofanyia mafunzo. Sheria Na. 7 inahusu mamlaka za wilaya, nayo Na. 8 ya mwaka huohuo inahusu mamlaka za miji. Wewe ulikuwa katika ofisi ya mtaa ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kwa hiyo msingi wako ni Na. 8, mwenzako aliyepangwa kijijini, chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ndiye anayestahili kutumia Na. 7. Nami niliwahi kurudishiwa kazi kwa kosa hilihili, baada ya kunakili mfano wa mwanafunzi wa mwaka uliotangulia.

Kubadilisha namba peke yake hakutoshi. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, lakini mtaa hauna mamlaka hayo, hivyo aya yako inayosema kamati ya mtaa "ilitunga sheria ndogo ya usafi" iondoe, kisha uulize manispaani ni sheria ndogo ipi iliyokuwa ikisimamiwa pale.

Sehemu ya mwenyekiti kuchaguliwa na mtendaji kuajiriwa iko sawa, iache ilivyo.