Mashine ya kuotesha mfupa: fanya kwa mkono kwanza

Binamu yangu aligongwa akiwa amebebwa na bodaboda pale Kongowea. Muundi wake wa kushoto ulivunjika vipande vipande, na kipande cha katikati hakikuweza kuokolewa. Madaktari walichota mfupa kwenye nyonga yake wakajaza lile pengo. Mguu ulishika vizuri, alhamdulillahi. Lakini miezi mingi baadaye, alipokuwa tayari anapanda na kushuka mteremko wa feri ya Likoni bila mkongojo, kilichomuuma hakikuwa mguu tena. Ilikuwa nyonga, pale palipochotwa.

Ndiyo sababu niliingia kwenye kazi ya mfupa wa maabara, na ndiyo sababu nawaandikia vijana wa uhandisi hapa Mombasa wanaonipigia simu kuuliza habari za mitambo ya kukuza mfupa huo. Ushauri wangu ni mmoja. Usiipe mashine kazi ambayo wewe mwenyewe hujaifanya kwa mkono mpaka ukajua inaharibikia wapi.

Kwa ambaye hajaiona kazi yenyewe: unachukua uboho kidogo wa mgonjwa, unatenga seli shina zilizomo, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za mfupa, unazilisha zizaane kwenye sahani ndani ya inkubeta yenye joto la digrii 37 na kaboni dioksidi asilimia 5. Zikitosha unazipanda kwenye kiunzi chenye vitundu, kama sifongo gumu, halafu unabadilisha lishe ili ziache kuzaana ovyo na zianze kujenga mfupa. Hatua hiyo ya mwisho peke yake huchukua kama wiki 3. Wazo ni la zamani. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini ukiwekwa ndani ya msuli huamsha mfupa mpya uote hapo hapo. Mwaka 2001 watafiti wa Italia na wenzao wakachapisha habari za wagonjwa 3 waliozibwa mapengo makubwa kwa viunzi vya kauri vilivyopandwa seli zao wenyewe.

Kinachoikwamisha kazi hii isifike kila wodi, kwa sehemu kubwa, ni mikono. Mgonjwa mmoja anahitaji wiki kadhaa za mtu mwenye ujuzi, ndani ya chumba safi, akifungua na kufunga vifuniko mara nyingi mno. Kila kifuniko kinachofunguliwa ni mlango wa bakteria na kuvu, na mchafuzi mkuu wa chumba safi ni binadamu aliyemo ndani yake. Ndiyo maana watu wanataka mtambo uliofungwa pande zote: uboho uingie upande huu, kipande cha mfupa kitoke upande ule. Nami nautaka kwa moyo wote. Lakini sikilizeni yaliyonikuta.

Nilipokuwa nasomea Uingereza, maabara yetu ilipata roboti ya kulisha seli. Tulifurahi sana. Baada ya wiki moja nikaweka sahani chini ya hadubini, nikaona duara tupu, safi kama lililofutwa kwa kidole. Sahani ya pili, duara lile lile, mahali pale pale. Sahani zote 24 zilikuwa hivyo. Roboti ilikuwa inashusha pipeti, ule mrija mwembamba wa kumiminia, kwenye nukta moja kila mara na kumwaga maji ya lishe kwa nguvu ile ile, na seli za hapo zikang'olewa. Sisi kwa mkono tulikuwa tunamwaga vile vile kwa nguvu, lakini leo kushoto, kesho kulia, kwa hiyo kosa letu halikuonekana. Mashine ililikusanya pamoja. Dawa yake ilikuwa kuinamisha sahani na kuteremsha lishe ukutani polepole, jambo ambalo mama mmoja fundi wa maabara alikuwa akilifanya miaka yote bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Tulipomwomba atuonyeshe, nilipima kwa saa: alitumia sekunde 9 pale ambapo roboti ilitumia 2.

Kwa hiyo nunua daftari kabla ya pampu. Andika saa uliyolisha, lishe ilikuwa na joto gani, nani alilisha, uliinamisha sahani au hukuinamisha. Mimi daftari langu ndilo lililonifichulia kwamba sahani zangu za Ijumaa zilikuwa dhaifu kila wiki. Nilikuwa natoa lishe kwenye friji na kuimimina baridi ili niwahi msikitini. Ningemwandikia mhandisi programu kwa kufuata nilivyofanya Ijumaa, angeniundia mtambo wa kuua seli siku zote 7.

Kisha kuna suala la kiunzi kinene, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi huangukia. Seli iliyo mbali na chanzo cha oksijeni kwa zaidi ya takriban milimita 0.2 haiishi muda mrefu. Mwilini kuna mishipa midogo ya damu kila mahali. Kwenye kiunzi chako hakuna. Ukikiloweka tu kwenye lishe, utapata ganda la mfupa nje na seli zilizokufa ndani. Ndiyo maana tunatumia bioreakta, yaani chombo cha kukuzia seli, yenye pampu inayopitisha lishe ndani ya vile vitundu vyenyewe. Na adui wa pampu ni kiputo cha hewa. Kiputo kimoja kidogo kikikwama kwenye kitundu, lishe hukizunguka na kupita njia nyingine, na seli zilizo nyuma yake hufa njaa. Hewa hiyo mara nyingi haivuji kutoka nje. Imeyeyuka ndani ya lishe baridi, na lishe ikipata joto inajitenga, kama unavyoona vitone vya hewa kwenye sufuria kabla maji hayajachemka. Pasha lishe kwanza. Ipitishe kutoka chini kwenda juu ili kiputo kipate njia ya kutokea. Weka na kichupa cha kunasia hewa kabla ya kiunzi. Mambo haya matatu yameniokolea kazi kuliko kihisi chochote nilichowahi kununua.

Nyumbani nilipata somo jingine. Tulikuwa na chumba kidogo cha kuazima, na tulitumia seli za mfupa wa kifaranga aliye bado ndani ya yai, ambazo hupatikana kwa urahisi na zinatosha kujifunzia. Pampu niliiunda na mzee mmoja fundi wa cherehani wa Majengo, ambaye alishika mrija, akautazama, akaniuliza, "Mwanangu, huu mpira wataka uende polepole kiasi gani?" Nikamwambia tone kwa tone. Akaenda akarudi na gia ya cherehani, na gia ile inazunguka mpaka leo. Skrubu tulizoweka mwanzo zilishika kutu ndani ya miezi michache, kwa hii hewa yetu ya chumvi. Tukabadilisha zote tukaweka za chuma kisichoshika kutu.

Lakini programu niliiandika mimi, na kosa lilikuwa langu. Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi baada ya muda. Mashine ilipoamka haikukumbuka ilikuwa wapi. Ikaanza upya: toa lishe ya zamani, weka mpya. Ilikuwa imeshaweka mpya kabla giza halijaingia, na kichupa cha akiba kilikuwa kitupu. Ikatoa, isiweke kitu. Asubuhi nilikuta seli zimekauka, ukoko mweupe. Tangu siku hiyo kila mashine ninayoiunda huandika hatua yake kwenye kumbukumbu isiyofutika kabla ya kuitekeleza, na haitoi lishe mpaka ihakikishe akiba ipo. Betri ni lazima pia, ila betri hufa. Unaunda mtambo wa Mombasa, usiige michoro ya mahali ambako stima haipotei.

Kuhusu kiunzi, vijana huniuliza habari za matumbawe. Ni kweli, mwaka 1974 watafiti walionyesha kwamba kalsiamu kaboneti ya matumbawe inaweza kugeuzwa kwa joto na mgandamizo kuwa haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa wetu, na vitundu vyake vikabaki vilivyo. Lakini nawasihi msiende kuvunja matumbawe. Ufuo wetu unayahitaji, na hifadhi ya bahari ya Mombasa iliwekwa mwaka 1986 kwa ajili hiyo. Nenda kwa mchinjaji uombe mfupa wa goti la ng'ombe. Kata ile sehemu ya ndani iliyo kama sifongo, vipande vya sentimita 1, ondoa uboho kwa maji ya kasi, chemsha, osha kwa sabuni na spiriti, kausha. Hicho si cha kumwekea mtu, ni cha kufundishia pampu yako.

Na kabla hujaweka seli hata moja, fanya jaribio la wino. Washa pampu, pitisha wino wa buluu kwenye kipande hicho kwa muda ule ule ambao lishe ingepita, kisha kikate katikati kwa msumeno mwembamba utazame. Palipobaki peupe hapakufikiwa, basi rekebisha kasi, geuza upande, badilisha mrija, kata kingine. Pampu yangu ya kwanza iliacha weupe wa ukubwa wa punje ya mahindi. Ya nne haikuacha.