Kama Umepangiwa Kusimama Kwenye Banda la Nchi Expo, Haya Nimeyaona Mwenyewe

Tangu Saudia wapewe kuandaa Expo 2030, yale maonyesho makubwa ya dunia, naulizwa sana na vijana, hasa waliosomea utalii na uhusiano wa kimataifa, eti hizi kazi za kusimama kwenye banda la nchi zinapatikanaje na ukishaipata unafanya nini pale. Mimi naishi huku Emirati, na ile Expo 2020 Dubai (ambayo sababu ya korona ilikuja kufanyika Oktoba 2021 mpaka mwisho wa Machi 2022) nilikuwa mhudumu kwenye banda la nchi moja ya Afrika Mashariki. Sitaitaja, maana haya ninayoyasema niliyaona kwenye mabanda mengi tu.

Kuipata kazi ni habari fupi. Fuatilia taasisi iliyobeba jukumu, Tanzania ni TanTrade, Kenya wana KEPROBA, alafu jitambulishe ubalozini kwenye nchi mwenyeji, sababu mtu ambaye tayari ana kibali cha kuishi kule na anajua lugha anawapunguzia gharama nyingi. Basi. Ngumu ni kukaa pale miezi sita watu wakaondoka wanaijua nchi yako.

Cha kwanza kabisa, toa Sabasaba kichwani, yale maonyesho ya biashara ya Dar. Sabasaba naipenda sana lakini pale Kilwa Road unaenda kuuza, unahesabu umeuza mitungi mingapi ya asali, siku zikiisha unafunga. Expo sio soko. Maonyesho haya yanasimamiwa na BIE, shirika la kimataifa la maonyesho lenye makao Paris, lililotokana na mkataba wa mwaka 1928, na yale makubwa hufanyika kila baada ya miaka mitano kwa muda usiozidi miezi sita, na kinachofanyika pale ni nchi kujieleza kwa watu wa kawaida wa dunia. Mtoto wa shule wa Sharjah, mama wa Kifilipino siku yake ya mapumziko, mzee wa Kihindi na wajukuu. Hao ndo wageni wako. Mawaziri wanakuja kidogo sana, na wakija wana watu wao wa kuwapokea.

Dubai kulikuwa na nchi 192 na kila moja ilipewa banda lake, ziara zikapita milioni 24. Sasa fikiria mtu ana siku moja, miguu inamuuma, kashatoka banda la Saudia lenye skrini kubwa ya kutisha, anaingia kwako anakuta picha ya simba, televisheni inayorusha nyumbu wakivuka mto Mara, meza ya vipeperushi na kijana kakaa anachezea simu. Dakika mbili katoka, na wala humlaumu, nyumbu kashawaona kwenye simu yake tangu zamani.

Wageni wengi walikuwa wanakuja na pasi za Expo, vile vitabu vya njano, wanakimbilia kugongewa muhuri tu. Huu utaratibu wa pasi ulianza Montreal mwaka 1967 na haujawahi kuisha, Osaka 2025 nako watu walikuwa wanayapenda yale mabanda ya pamoja ambayo nchi nyingi ndogo zilipangwa ndani ya jengo moja, sababu unapata mihuri mingi kwa mkupuo. Wenzangu wengi walikuwa wanakereka, wanaona wanadharauliwa. Mimi nakwambia muhuri ni zawadi umeletewa bure! Usiuweke mlangoni. Uweke kule ndani kabisa, mwisho, pembeni yake awepo mtu anayejua kuongea na pawepo kitu cha kunusa au kushika, mtoto akiwa anagongewa mama yake kasimama hana la kufanya, hizo sekunde ni zako. Mpe punje ya karafuu ya Pemba mkononi, mwambie aiminye kwa kucha mpaka mafuta yatoke alafu anuse. Nimeona watu waliokuwa wanakimbia wakasimama kabisa wakaanza kuuliza inaota wapi, mti wake ukoje, nani anaichuma, na hapo ndo unaanza kumweleza Pemba iko wapi, na wachumaji wanavyopanda juu, na harufu inavyojaa mitaani msimu wa kuanika. Hayo hayamo kwenye kipeperushi.

Ukitaka kuona nchi iliyofikiri, Oman. Walilijenga banda lao juu ya mti wa ubani. Mambo wanayo mengi sana yale, wana bahari wana ngome wana mafuta, lakini walichagua ubani, na habari zao nyingine zikaingia kupitia huo ubani. Morocco nao walisimamisha jengo la udongo wa kushindilia la ghorofa kadhaa, yaani hujaingia ndani ushaelewa hawa watu wana ujuzi gani. Sisi tunataka kuleta kila kitu, kila wizara ina kona yake, kila bodi ina bango lake, madini hapa, korosho pale, bandari, mbuga, mwisho mgeni anatoka hakumbuki hata kimoja. Ndugu zangu chagueni kitu kimoja. Mkichagua kahawa iwe kahawa kweli, ichomwe, inywewe, mtu amuone muuza kahawa na birika lake la shaba na vikombe vyake vinavyogonganishwa, aonje kashata, alafu kupitia kahawa mwambie habari za Kagera na Kilimanjaro na za vijiwe vya wazee mtaani. Tena kwa watu wa Ghuba kahawa na kitu kitamu pembeni ni lugha wanayoijua tangu utotoni. Ila vibali vya chakula vianze mapema mno, kila mwenyeji ana masharti yake ya usalama na hakuna kitu kinauma kama kahawa imefika mzigoni alafu hairuhusiwi kugawiwa.

Na hapa niseme kitu kilichonigusa kuliko vyote. Wazee wa Kiomani. Walikuwa wanakuja, kanzu na kilemba, unadhani ni mgeni tu wa hapa, unajiandaa kuongea Kiarabu chako cha kuokoteza, mzee anafungua mdomo anakitoa Kiswahili cha Unguja kisafi mpaka unashtuka. Mmoja nilimwamkia shikamoo akaitikia "marahaba mwanangu" alafu akaanza kuniuliza mitaa ya Mji Mkongwe, nani bado yupo, na Forodhani siku hizi pakoje. Alikaa muda mrefu sana. Akarudi siku nyingine na mke wake na watoto ambao Kiswahili wanakisikia tu. Hakuna balozi wala skrini inayoweza kufanya kile alichofanya yule mzee kwa wale watoto mbele yangu, aliwaonyesha ramani na kusema hapa nimezaliwa. Historia ya Oman na Zanzibar ina machungu yake na pande zote wanayajua, lakini mtu akikujia kwa lugha yako mpe kiti, mpe maji, msikilize. Kama banda halina viti, pigania viti. Nasema kwa uzito kabisa, kwenye bajeti ya banda lolote letu viti viwili vitatu vya wageni na mtu mwenye adabu ya kukaa na wazee vina faida kuliko skrini ya tatu.

Kiswahili chenyewe tunakichukulia poa mno. Tarehe 23 Novemba 2021, Expo ikiwa inaendelea, UNESCO walitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Banda nililokuwepo habari ilipita hivihivi, hakuna aliyebandika hata karatasi, na iliniuma sana. Tanzania wapo, Kenya wapo, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, wote wapo Expo hiyohiyo moja, mngeweza kukubaliana kila banda limfundishe mgeni neno moja, akizunguka yote sita anatoka na sentensi. Haihitaji hela hiyo. Inahitaji wakuu wa mabanda kukaa chini wiki ya kwanza. Na lile swali la Kilimanjaro iko wapi, utaulizwa kila siku, tafadhali usilipigie kelele wala usimseme jirani, jibu iko Tanzania, mita 5,895, na ukiwa Amboseli upande wa Kenya unauona vizuri sana. Mgeni anafurahi, jirani anafurahi.

Kuhusu ngoma. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana haya maonyesho ya dunia yana historia mbaya na sisi. Mwaka 1897 Wabelgiji walipeleka Wakongo 267 kwao Tervuren, karibu na Brussels, wakawaweka kwenye vijiji vya maonyesho ili watu waje kuwatazama, saba walifia kule. Na sio zamani sana iliishia, Brussels 1958, miaka miwili tu kabla Kongo kupata uhuru, kulikuwa tena na kijiji cha Wakongo kwenye Expo, watu wamewekewa uzio, watazamaji wengine wanawarushia ndizi, mpaka wale Wakongo wakakataa wakaondoka. Kwa hiyo unapompanga msanii wako asimame mlangoni na vibwebwe na mgolole kuanzia asubuhi mpaka usiku ili watu wapige naye selfi, jiulize unamweka pale kama nani. Msanii ana jukwaa, ana saa yake, ana jina, jina lake litangazwe, ngoma itajwe ni ya wapi na inachezwa lini, jando au mavuno au harusi, na akimaliza apewe nafasi ya kujibu maswali mwenyewe hata kwa mkalimani. Mchonga vinyago vya Kimakonde vivyo hivyo, mwache achonge na aongee, asiwe pambo. Nililisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema.

Siku ya nchi itakuja, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa, hotuba, viongozi. Ni jambo kubwa na lina matunda, Rais Samia alipokuja Dubai Februari 2022 zilisainiwa hati za makubaliano 36 na wawekezaji. Lakini siku hiyo ikiisha viongozi wanapanda ndege, nyie mnabaki. Kwa hiyo kuwa na daftari. Kila anayeuliza kitu cha maana, viza, bei ya karafuu kwa tani, chuo, kununua picha za Tingatinga kwa hoteli yake, andika jina, namba, kauliza nini, nani wa kumjibu, na mjibu usiku huohuo kabla hujalala hata kama ni kumwambia tu nalishughulikia. Nimeona kadi za biashara zimejaa boksi zima na hakuna aliyepigiwa simu, na banda lilipofungwa boksi likaachwa. Wale watu walikuja na nia jamani.

Zinazokuja ni mbili za kuangalia. Belgrade 2027, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ni ndogo, mwenyeji ndo anajenga majengo nyie mnapamba ndani tu, na mada ni mchezo, michezo na muziki. Mimi ningepeleka bao! Mashimo 32, kete 64, meza nne, wachezaji wazuri kutoka Zanzibar na Lamu, na kila mgeni akaribishwe kukaa acheze, asiyejua afundishwe. Mtu akikaa kwenye bao nusu saa inapita, na nusu saa kwenye Expo ni mabanda machache yanayopewa.

Alafu Riyadh, Oktoba 2030 mpaka Machi 2031. Pale Kiarabu ni lazima, na sio cha kukariri salamu. Tuna vijana wengi Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi waliosoma Madina, Kiarabu wanakimanya, mila za wenyeji wanazijua, na wengi wamerudi nyumbani wanafundisha madrasa kwa kipato kidogo. Watafutwe sasa hivi wakiwemo wasichana, wafundishwe habari za kahawa na karafuu na utalii na viza, wapewe mikataba ya kueleweka yenye bima na zamu za kibinadamu, sababu kusimama saa kumi kila siku miezi sita kunamaliza tabasamu la mtu yeyote. Na kama wewe ni mmoja wao, andika barua yako ubalozini mwaka huu, usisubiri tangazo.