Fundi Mpya, Usifute Kitu Kabla Hujanakili

Mteja akikuletea kompyuta ya nyumbani atakuambia jambo moja tu: "Fundi, imekuwa nzito, nisafishie." Hatakuambia umtunzie vitu vyake, kwa sababu kwake hilo halihitaji kusemwa. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wepesi wa mashine unaweza kurudishwa kwa njia nyingi. Picha za marehemu baba yake zikifutika, zimekwenda.

Nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi hapa Mwanza, wenye meza mjini na wanaofuata wateja majumbani Nyegezi, Igoma au Buhongwa. Kishawishi cha kwanza mtakachokutana nacho ni kupiga Windows upya, yaani kufuta kilichomo na kuiweka mpya. Ni kazi ya muda mfupi, mashine inakuwa nyepesi, mteja anafurahi na pesa unapata. Jioni anapiga simu kuuliza lilipo faili la Excel lenye majina ya wanaodaiwa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, na huna la kumjibu.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza, na uulize kwa vitu: Kuna picha? Kuna mahesabu ya biashara? Kuna mtoto anayesoma chuo mwenye utafiti wake humu? Ukiuliza kwa ujumla tu, "Kuna cha muhimu?", wengi watajibu hakuna. Hawadanganyi. Hawajui vitu vyao vinakaa wapi. Mtu anafungua programu ya mahesabu kila siku bila kujua kwamba data yake iko ndani ya diski C, kwenye folda ambayo hajawahi kuiona. Barua pepe za Outlook mara nyingi ziko kwenye faili moja kubwa la aina ya PST. Nywila zote za mama mwenye nyumba ziko ndani ya kivinjari na hakuna aliyeziandika popote. Pitia folda nzima ya mtumiaji, pitia diski D, pitia deskitopu, na pitia hata pipa la taka, maana wapo watu wanaoweka vitu humo kama kabati.

Kabla ya kunakili, sikiliza. Laptopu nyingi za mtumba bado zina diski ya zamani inayozunguka. Ukisikia inagonga tik, tik, au folda moja inachukua dakika nzima kufunguka, usikimbilie kuikagua kwa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, wala kuipanga upya (defrag). Kazi hizo huizungusha diski kwa saa nyingi, na ile iliyokaribia kufa hufia hapo hapo. Chukua kwanza vile ambavyo mteja hawezi kuvipata tena, yaani picha na maandishi. Filamu na miziki baadaye, kama diski itakubali. Ikiwa data ni ya thamani kubwa na diski haisomeki kabisa, izime, mwambie mwenyewe ukweli, na umwache aamue kama ataipeleka kwa wataalamu wa kuokoa data.

Katika kunakili kwenyewe yapo mambo ambayo nawaomba sana myashike. Tumia "Copy", kamwe usitumie "Cut". Kwa kompyuta ya mezani, hakikisha UPS, ile betri ya akiba, ipo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski ya nje inaweza kuharibika mpangilio wake mzima. Msimu wa mvua, radi za ziwani hupiga sana usiku na kuelekea alfajiri, kwa hiyo usiache kazi ijiendeshe usiku kucha ikiwa imechomekwa ukutani bila kinga. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofika GB 4, na video ya harusi mara nyingi inazidi hapo. Ifomati kwa exFAT au NTFS ikiwa bado tupu.

Kuweni macho na flashi za bei ya kutupa. Nyingine zimeandikwa GB 512 na ndani zina uwezo mdogo sana. Zinapokea mafaili, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini ukifungua hakuna kitu. Programu ya H2testw huijaza flashi yote kisha kuisoma tena, na uongo unajulikana. Fanya hivyo kabla ya kuweka kitu cha mteja.

Flashi iliyotoka steshenari ikiwa na folda zote zimegeuka vijialama vya njia ya mkato, usiifomati. Kwa kawaida virusi wamezificha folda halisi, hawajazifuta. Skani kwanza, kisha zirudishe kwa attrib, amri ya Windows inayoondoa alama ya kufichwa.

Ukimaliza kunakili, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili. Halafu fungua baadhi: la zamani kabisa, la jana, lile kubwa kuliko yote. Fungua kutoka kwenye diski ya nje, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa usiihesabu kuwa nakala. Hapa ndipo vijana wengi wanapofanya haraka, na sioni sababu ya haraka hiyo, kwa sababu dakika kumi hizi ndizo zinazokupa haki ya kufuta.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine. Wafundisheni wateja kwa maneno ya hapa. Moja ndani ya kompyuta, moja kwenye diski ya nje kabatini, moja kwa dada yake Ukerewe au kwa kaka yake Mkolani. Mwizi akichukua laptopu mezani, huchukua na diski iliyo pembeni yake. Mtandaoni pia panafaa, ila bando linaisha haraka. Google inatoa GB 15 za bure, na hizo zinatosha kwa vyeti, mahesabu na utafiti wa chuo. Picha za miaka kumi zibaki kwenye diski. Tena mweleze kwamba folda inayojilinganisha na mtandao hufuta kote pale inapofutwa upande mmoja, kwa hiyo haichukui nafasi ya diski ya kabatini. Diski hiyo nayo ichomolewe baada ya kazi. Virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga kila wanachokikuta kimechomekwa.

Sasa safisha. Hapa hapana mengi. Ondoa programu zisizotumika kupitia mipangilio ya Windows yenyewe, punguza zinazojiwasha pamoja na mashine, futa mafaili ya muda. Angalia usiteue folda ya "Downloads" katika orodha ya mafaili hayo ya kufutwa, watu wengi wanaishi humo. Programu za "kusafisha rejista", yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, sizipendi na sioni faida yake. Hata yenye jina kubwa, CCleaner, toleo la 5.33 la mwaka 2017, lilisambazwa likiwa limepandikizwa programu haribifu bila wenyewe kujua. SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, usiipange upya kama diski ya kuzunguka, na ujue kwamba kilichofutwa kwenye SSD kwa kawaida hakirudi, kwa sababu Windows huiamuru iachilie nafasi hiyo mara moja. Kama mashine ina diski ya kuzunguka na mteja ana pesa kidogo, mshauri aweke SSD. Mara nyingi diski hiyo ya kuzunguka ndiyo uzito wote.

Kwenye laptopu mpya, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na upate ufunguo wake wa kuifungulia wa tarakimu 48 kabla hujagusa mipangilio ya BIOS, ile inayoanza kabla ya Windows kuwaka.

Vumbi lipulize kwa blowa huku umeizuia feni isizunguke. Kwa nyumba za kando ya ziwa, fungua vizuri zaidi: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku huingia kwenye matundu ya hewa na kuziba njia ya joto.

Picha za mteja usiziangalie zaidi ya zile unazofungua kuhakiki, na umwambie kwamba utazifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwapo, umeingizwa ndani ya nyumba ya mtu. Siku ya kukabidhi, mkalishe, mpe kipanya, afungue mwenyewe mafaili yake kutoka kwenye kompyuta na kutoka kwenye diski. Bandika tarehe juu ya diski. Akiridhika, futa nakala iliyobaki kwenye mashine yako mbele ya macho yake.