Viti vya VIP mbele ya jukwaa? Hapana, mkuu

Mkuu, umeuliza kama viti vya VIP vipangwe mbele kabisa kwenye shoo ya roki hapo uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Mimi ningevisogeza pembeni. Wenye viti hukaa wametulia, soda mkononi, na wale waliokuja kuruka wanabaki nyuma ya kamba mita thelathini huko. Mpiga gitaa akimaliza solo yake anapokelewa na makofi ya kikao cha harusi! Bendi hupata moto kwa kile inachokiona miguuni pake. Watu wakiwa wachache usiwaache watawanyike uwanja mzima, wasogeze mbele. Hata mia mbili waliobanana wanaamsha shangwe.

Ila kubanana nako kuna kipimo. Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979, watu 11 walikufa wakigombea kuingia kwenye onyesho la The Who, bendi ya roki ya Uingereza. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, anayewahi ndiye anayekaa mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Kwa hiyo mageti yafunguliwe mapema, tena yote. Wazee wawekewe viti jukwaa kuu la watazamaji, kwenye kivuli, jua la Mtwara unalijua mwenyewe.