Jina Alexandros: maneno kwa wanaoanza Kigiriki

Kila muhula darasa linapofika kwenye majina ya watu, nawaona wadogo zangu wakijikwaa palepale walipojikwaa waliowatangulia, yaani kwenye jina Alexandros, na kwa kuwa nawapenda nimeona niwaandikie kabla ya mtihani.

1. Tafuteni shina kwanza, maana itafuata. Sehemu ya mbele inatokana na kitenzi alexo, yaani kukinga au kufukuza shari, na sehemu ya nyuma ni andr-, shina la aner, mwanamume. Ile d ilizuka kati ya n na r ili kurahisisha matamshi.

2. Hapa ndipo penye kosa linaloniumiza. Mwanafunzi aliyekariri vyema "aner, andros" huiona -andros mwishoni mwa jina, akafurahi, akatangaza kwamba hiyo ni genetivu, yaani umbo la umilikaji, "wa fulani". Mmoja wao, kijana mwenye bidii sana, aliwaeleza wenzake hivyo ubaoni kwa mpangilio mzuri hata darasa zima likanakili. Tulipofika Marko 15:21, ambapo Simoni Mkirene anatajwa kuwa baba wa Alexandrou na Rouphou, wote wakakwama: ikiwa Alexandros ni genetivu tayari, hii Alexandrou ni nini? Wawili watatu waliandika kwamba mnakili alikosea. Jamani, mnakili hakukosea! Mwisho -os wa andros ni wa genetivu ya mnyambuliko wa tatu (kundi la tatu la nomino kwa jinsi zinavyobadili miisho), lakini -os ya Alexandros ni ya nominativu, yaani umbo la mtendaji, ya mnyambuliko wa pili, sawa na logos, ndiyo maana tunapata Alexandrou, Alexandro, Alexandron, na anapoitwa, Alexandre. Hata mkazo ungewaonya, kwa sababu katika andros uko kwenye silabi ya mwisho, ilhali katika Alexandros uko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na katika Alexandrou husogea hadi ya pili kutoka mwisho kwa kuwa silabi ya mwisho ni ndefu. Fanyeni zoezi la Matendo 19:33, ambamo akusativu (umbo la mtendwa) na nominativu za jina hili zimo katika aya moja.

3. Alexandra, jina la kike, hubaki na -a katika genetivu, Alexandras, kwa sababu ya r iliyotangulia.

4. Msiseme kwamba Iskanda ni jina jingine. Waarabu waliisikia al- ya mwanzo kama kibainishi chao, yaani neno dogo al- linalotangulia nomino, ks ikageuka sk, wakapata al-Iskandar, na kwa njia hiyo mfua shaba wa 2 Timotheo 4:14 akawa Iskanda katika Biblia ya Muungano. Mwaka hadi mwaka kuna anayemtafuta "Aleksanda" humo, asimpate, akakata tamaa mapema mno.

5. Wala msiandike kwamba jina lilianza na mfalme wa Makedonia aliyezaliwa mwaka 356 KK. Katika ukoo wake walishakuwapo akina Alexandros wengine, na Homeri humwita Parisi wa Troya kwa jina hilohilo. Mnamo 1280 KK hivi Muwatalli II, mfalme wa Wahiti, alifanya mkataba na Alaksandu, mtawala wa Wilusa, nchi iliyokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, ambaye wataalamu wengi wanaliona jina lake kuwa Alexandros. Huko Mikene nako, kwenye kibao cha udongo cha karne ya 13 KK, kuna mwanamke aliyeandikwa kwa silabi a-re-ka-sa-da-ra, Alexandra.